Wimbi Lina Wenyewe: Hotuba kuhusu Kupiga Filamu ya Vijana wa Mawimbi wa Malindi

Hotuba hii niliitoa Malindi mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu za hali halisi, pamoja na wazazi na wavuvi walioalikwa nao. Waliokosa kufika wameomba waisome, nami naiweka hapa nzima, isipokuwa picha zilizoonyeshwa ukutani.

Wazee wetu mliotangulia, akina mama, walimu, wavuvi mlioacha nyavu zenu alasiri hii kwa ajili yetu, nanyi vijana mliokuja kujifunza kazi ya kamera: assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nieleze jinsi filamu ya hali halisi inavyotengenezwa, na mfano wangu ni filamu tuliyoipiga hapa hapa, juu ya vijana wanaoteleza kwa mbao juu ya mawimbi ya ghuba yetu. Najua baadhi yenu mnajiuliza: kweli Kenya kuna watu wa mchezo huo? Wapo. Mnapishana nao sokoni. Wageni wanaofuata michezo ya upepo wamekwisha kuzijua fukwe zetu, lakini vijana hawa, ambao huingia majini alfajiri kabla ya kwenda shule au kazini, hawamo katika kijitabu chochote cha utalii nilichowahi kukishika. Wengine wana mbao za povu zilizoachwa na wageni, zimepasuka na kuzibwa kwa gundi. Wengine wana ubao wa kuchonga. Wengine hawana chochote ila kifua chao.

Ninalo neno moja kubwa leo, na mtanisamehe nikilirudia. Anayepiga filamu ya watu wa bahari apige ujuzi wao, asipige ajabu yao. Ajabu huonekana siku ya kwanza, na kamera yoyote huikamata. Ujuzi haukamatwi mpaka mwenye nao akubali kukuonyesha, na mpaka wewe uwe umejifunza kiasi cha kuutambua ukipita mbele yako. Tupige ujuzi wao, tusipige ajabu yao.

Naanza na bahari yenyewe. Kwa nini wimbi la kuteleza liko Malindi, wakati sehemu nyingine nyingi za pwani hii maji ya ufuoni ni tulivu mwaka mzima? Mtu wa bara akikuuliza hivyo, utamjibu nini? Jibu ni mwamba. Kwa sehemu kubwa ya pwani yetu mwamba wa matumbawe umekwenda sambamba na ufuo, na wimbi linalotoka bahari kuu huvunjikia huko nje, likafika mchangani halina nguvu tena. Lakini matumbawe hayawezi kukua penye maji matamu na tope, na ndiyo maana penye mdomo wa mto mkubwa mwamba huacha pengo. Kaskazini kidogo mwa mji huu unaingia Mto Sabaki. Maji yake yametoka mbali: kule juu unaitwa Athi, nao hupokea hata maji ya Mto Nairobi, ukikatiza Tsavo unaitwa Galana, ukitufikia sisi ni Sabaki. Unateremka na udongo wa mashamba ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuiona bahari, na udongo huo umeifanya ghuba yetu kuwa ya rangi ya kahawia na kuusukuma ufuo wetu uendelee kusogea baharini, hata majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yametengwa nayo na uwanda wa mchanga.

Haya yote tulifundishwa na mzee mmoja mvuvi, ambaye namwona ameketi safu ya pili na ambaye ameniomba nisimtaje jina. Tulimwendea tukitaka atuambie tu saa nzuri ya kupiga picha. Akatuketisha chini ya mwarobaini karibu na mashua yake, akatuambia: “Wanangu, mmekuja kuuliza wimbi, na mimi nitawajibu mto. Msipoujua mto hamtalijua wimbi.” Kisha akatueleza kuwa msimu wa kusi, upepo utokao kusini, ambao huanza mnamo Aprili na kukazana kati ya Juni na Agosti, ndio unaoleta mawimbi makubwa, na kwamba mkondo wa wakati huo hulisukuma tope la Sabaki kwenda kaskazini, bali kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikishika, kuanzia Novemba au Desemba, tope hilo huteremka upande wetu na bahari hulala. Nilipokwenda baadaye kusoma maandishi ya watafiti waliopima mchanga na mikondo ya ghuba hii, nilikuta wameandika yale yale. Mzee huyu hakuyasoma. Aliyapata kwa kutegemea bahari hiyo kulisha watoto wake.

Sasa nawauliza, vijana: filamu ambayo ingeonyesha ubao na wimbi tu, bila mto, bila kusi, bila mzee huyu, ingekuwa imeonyesha nini? Ingeonyesha watoto wanaocheza. Watu wangeitazama, wangefurahi, na wangeondoka bila kujua kwamba mchezo huo umewezekana kwa sababu mto wenye tope umeuzuia mwamba usifunge ghuba. Mto unaotuletea taka za miji ya juu na unaowasumbua walinzi wa matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotengwa tangu mwaka 1968 na iliyo miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina yake Afrika, ndio huo huo unaowapa vijana wetu wimbi. Jambo la namna hiyo halisemeki kwa picha moja nzuri.

Nitawapa kisa kingine cha ujuzi, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha kazi yetu. Siku moja tulikuwa tumekodi mashua, kamera imefungwa ndani ya kasha lake la kuzuia maji, na jua lilikuwa limekaa vizuri kabisa. Kijana tuliyemtegemea kwa picha za siku hiyo alifika na ubao wake, akaitazama bahari, kisha akakaa mchangani. Tukangoja. Hatimaye nikamuuliza: “Vipi, mdogo wangu, hatuingii?” Akanijibu bila kunigeukia: “Kaka, leo bamvua, na maji yameanza kutoka. Angalia pale katikati, mawimbi hayavunjiki, maji yamenyooka. Pale ndipo yanapotokea. Nikiingia sasa nitaweza kurudi, lakini huyo wa kwenu mwenye kamera hatarudi.”

Mimi nilikuwa naona maji yaliyotulia kidogo. Yeye alikuwa anaona mkondo wa kuua mtu. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hukaribia mita 4, na maji mengi kiasi hicho yakitoka kwenye ghuba hutafuta njia. Mahali panapoonekana salama kwa mgeni, kwa sababu mawimbi hayavunjiki hapo, mara nyingi ndipo njia ilipo. Kwa hiyo tuliiacha mashua, tukaigeuza kamera kwa yule kijana aliyeketi, na tukampiga picha akiisoma bahari: anatazama, anahesabu mawimbi kwa midomo, anachukua mchanga na kuurusha aone upepo, anatikisa kichwa. Picha hiyo ndiyo inayofungua filamu, na imeachwa ndefu makusudi. Nimeulizwa na watu wa kazi hii kama haichoshi. Nasema hapana. Nasema hapo ndipo mtazamaji anapojua kwamba huyu si mtoto wa kuhurumiwa, ni mtu anayejua kazi.

Ndugu zangu, nataka tuzungumze pia juu ya nani anayekumbukwa, kwa sababu mji huu una mfano wake mkubwa, na mfano huo tunapita mbele yake kila siku. Vasco da Gama alifika hapa mwezi Aprili mwaka 1498. Nguzo inayobeba jina lake iko pale kwenye rasi, wanafunzi hupelekwa kuitazama, na kila kitabu cha historia kinamtaja. Lakini Vasco da Gama hakuijua njia ya kuvuka kwenda India. Alipewa rubani hapa Malindi, na rubani huyo, aliyezijua nyota na pepo, ndiye aliyekipeleka chombo hadi pwani ya Calicut mwezi Mei. Aliitwa nani? Kuna jina lililozoeleka kutajwa, la Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wengi wamelikataa, na hadi leo hawajakubaliana juu ya mtu huyo. Mgeni aliyeongozwa ana nguzo. Mwenyeji aliyeongoza hana hata jina la uhakika. Je, sisi wenye kamera mwaka huu tutafanya tofauti, au tutarudia?

Nauliza kwa sababu filamu za mawimbi zina desturi yake. Mwaka 1966 ilitoka kwa umma Marekani filamu ya Bruce Brown iitwayo The Endless Summer, inayowafuata vijana wawili wa California wakizunguka dunia kutafuta mawimbi, na safari hiyo iliwapitisha Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Ni filamu iliyopigwa kwa ustadi, na imewavuta watu wengi sana baharini, siivunjii heshima. Lakini itazameni mkiwa na masikio wazi. Sauti inayosimulia ni ya mtengenezaji mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Waafrika wanaonekana ufuoni, ila hakuna anayetuambia bahari ile anaijuaje.

Na walikuwa wanaijua. Mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu alichokitoa mwaka 2018 kuhusu utamaduni wa maji wa Waafrika, amekusanya maandishi ya wasafiri yanayoonyesha kwamba watoto wa pwani ya Ghana ya leo walikuwa wakitumia mbao majini tangu karne ya 17. Katika miaka ya 1830 afisa wa jeshi la Uingereza, James Edward Alexander, akiwa Accra, aliandika kuwa aliwaona wavulana wakiogelea kuingia baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakalingoja wimbi, kisha wakarudi nalo. Fikirini hilo: zaidi ya miaka mia moja kabla ya wageni kufika na kamera zao.

Hayo ni ya Afrika Magharibi, na sitaki mtu aondoke hapa akasema nimeyahamishia Malindi. Kila pwani ina habari zake. Wajibu wetu ulikuwa kuuliza za kwetu, na hapa ndipo nilipopata furaha kubwa ya kazi hii. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, tukawauliza wazee: mlipokuwa wadogo, mlichezaje na mawimbi? Bibi mmoja alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso, akasema kaka zake walikuwa wakichukua ubao wa mtumbwi uliovunjika, wakalala juu yake na kurudi nao hadi mchangani, na kwamba baba yao aliwachapa, si kwa sababu ya hatari, bali kwa sababu ubao ule ulikuwa wa kuzibia mtumbwi mwingine. Akaniuliza: “Kwani hawa wenu wa sasa wanadhani ni wa kwanza?” Tulimchukua mjukuu wake, ambaye ni mmoja wa vijana wa filamu, akaketi mbele ya bibi yake akayasikia haya kwa mara ya kwanza. Kijana huyo alikuwa akiamini kwamba mchezo wake ulitoka ng'ambo. Uso wake alipokuwa anasikiliza hauhitaji maelezo yangu, na katika filamu sikuuwekea maelezo yoyote.

Basi vijana, kabla ya kuandika kwamba nyinyi ndio wa kwanza kuonyesha jambo fulani, au kwamba watu fulani ndio wa kwanza kulifanya, waulizeni wenye mvi. Waulizeni, na kamera ikiwa imewashwa.

Akina mama, sasa nataka kuzungumza nanyi hasa. Vijana wengi tuliowapiga filamu hawajafikisha miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Kuna pia kibali cha kupiga filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Kuna ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga ukitaka kurusha kamera angani. Na ukikaribia hifadhi kuna ruhusa ya Shirika la Wanyamapori. Mtafute vyote mapema, na msimdanganye ofisa yeyote kuhusu mnachokipiga. Hilo sitalikalia. Ridhaa ninayotaka kuikalia ni ile isiyoingia kwenye karatasi.

Mama mmoja alitupokea vizuri, akatupa chai, akaisoma fomu yetu yote, kisha akaiweka chini. Akasema: “Mimi ndugu yangu alichukuliwa na bahari hii hii. Mkimpiga picha mwanangu juu ya wimbi, wenzake wasiojua kuogelea watamwona, na watataka kumfuata. Hao mtawafanyia nini?”

Mngemjibuje? Nyinyi mliokaa hapa na madaftari, mngemjibuje mama huyu? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 pekee watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na watoto na vijana ndio walioathirika zaidi. Kwa hiyo swali la mama huyu halikuwa woga wa mwanamke wa nyumbani. Lilikuwa swali sahihi kuliko maswali yote tuliyoulizwa na wataalamu wa filamu. Hatukumjibu siku ile. Tulirudi tukakaa na vijana wenyewe, na wao ndio waliotoa jibu: wale wanaojua zaidi watawafundisha wadogo kuogelea na kuelea kabla ya mtoto yeyote kugusa ubao, mafunzo hayo yataonekana ndani ya filamu, na hakuna asiyejua kuogelea atakayeonyeshwa akiwa kwenye wimbi. Ndipo mama akatia sahihi. Na kwa kweli sehemu ile ya mafunzo, ambayo iliingia kwa sababu ya swali lake, ndiyo watu wanayoniuliza zaidi kila ninapoionyesha filamu.

Swali hilo lilitufungulia lingine: wasichana wako wapi? Wapo, nao wanapenda maji, lakini wengi huachwa ufuoni wakishika nguo za kaka zao. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa mavazi yao ya stara, na picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilitambuliwa katika tuzo za World Press Photo mwaka 2018. Nilimwonyesha mama mwingine picha hizo kwenye simu. Akazitazama kwa muda mrefu, akasema: “Hawa wamefunikwa kuliko mimi nikienda kisimani. Basi nani aliyesema haiwezekani?” Binti yake sasa anajua kuelea. Kuteleza bado hajataka, na sisi hatukumshawishi, kwa sababu kazi yetu haikuwa kumtengenezea binti wa watu maisha ili filamu ipendeze.

Kuhusu vyombo nitasema machache, maana vyombo hubadilika na bei zake mnazijua. Chumvi na mchanga ni adui wa kamera. Oshani kasha kwa maji matamu kila siku kabla ya kulifungua. Upepo wa kusi utawaharibia sauti, basi mahojiano yafanyeni nyuma ya ukuta au ndani ya mashua iliyopandishwa nchi kavu, na sauti ya bahari mkairekodi peke yake alfajiri. Kamera ya angani nimeitumia kwa uchache, na nawashauri nanyi muitumie kwa uchache. Inaonyesha uzuri wa ghuba, hilo sikatai, na bila hiyo mtazamaji asingeliona tope la mto likichora mpaka wake ndani ya maji ya samawati. Lakini humfanya mtu kuwa nukta, na sisi hatukuja kupiga nukta. Teremsheni kamera hadi usawa wa maji, pale kichwa cha mtelezaji kinapokuwa, mtazamaji alione wimbi kwa ukubwa anaouona yeye.

Na muonyeshe kazi ya mikono. Fundi mmoja wa vyombo, aliyezoea kuchonga mitumbwi ya mwembe, aliombwa na vijana awachongee ubao. Alikataa kwanza, akasema hajawahi. Kisha akautazama ubao wa mgeni uliovunjika, akaupima kwa shubiri, akaugeuza, akaugonga, akanyamaza. Baada ya siku chache aliwaita. Alikuwa ametafuta gogo la msufi, kwa sababu ni mti mwepesi, akalichonga kwa tezo na kulilainisha kwa randa, na nyuma akaliwekea ulimi mdogo kama mkuku ili lishike maji. Alieleza kila hatua kwa maneno ya ufundi wake, na sisi tuliyaacha maneno hayo yote ndani ya filamu bila kuyafafanua. Asiyeyajua atayafahamu kwa kutazama mikono. Ubao ule ni mzito kuliko wa povu, nao hauinuki haraka, lakini vijana wanaupenda, na mmoja wao anajifunza kwa fundi huyo hadi leo.

Nasema haya kwa sababu kulikuwa na kituo kimoja cha televisheni cha ng'ambo kilichotaka kununua sehemu ya filamu. Walitutumia barua ya adabu. Walitaka tupunguze fundi na mzee wa mto, na tuongeze nyumba za vijana, hasa zile zenye mapaa mabovu, na walitaka kijana mmoja aseme mbele ya kamera kwamba wimbi limemwokoa na maisha ya dawa za kulevya. Kijana mwenyewe hajawahi kutumia dawa hizo. Nilipomsomea barua, aliniuliza: “Kwani nikiwa mzima tu, filamu haiuziki?” Hatukuwauzia. Fedha tulizikosa, na zilikuwa fedha za maana kwetu. Simhukumu kijana mwenzetu ambaye, akiwa na madeni, angefanya vingine. Ila nawaambia kwamba milango mingine ipo. Nairobi kuna mfuko wa Docubox unaosaidia filamu za hali halisi za Afrika Mashariki. Zanzibar kuna tamasha la kimataifa la filamu lililoanzishwa mwaka 1997, ambalo watazamaji wake wanaijua bahari kama nyinyi. Andikieni huko, na muandike kwa kujiamini.

Kabla filamu haijaonyeshwa popote, tuliionyesha hapa. Tulifunga shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la samaki, tukangoja watu wamalize sala ya Isha, tukawasha. Tulikuwa tumekubaliana kwa mkataba, ulioandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti, kwamba yeyote aliyemo ana haki ya kusema “hiki kitoe”, na kwamba sehemu ya mapato itakwenda kwenye mafunzo ya kuogelea na matengenezo ya mbao. Watu wawili waliomba vipande vyao vitolewe, tukavitoa. Mmoja wao hakutoa sababu, nasi hatukuiuliza.

Limebaki jambo linaloninyima usingizi, na sitaki kulificha mbele yenu. Tukilionyesha wimbi hili kwa dunia, litabaki la nani? Nimeona fukwe nyingine ambako mchezo ulipojulikana wenyeji waligeuka kuwa wabebaji wa mbao za wageni. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Ufuo ni wenu. Lakini ufuo wa umma unasaidia nini ikiwa kichochoro cha kuufikia kimezibwa kwa ukuta? Vijana hawa walituonyesha njia waliyokuwa wakiipita tangu utoto, ambayo sasa ina lango na mlinzi, nao huzunguka mbali wakiwa wamebeba mbao kichwani ili kufika mahali ambapo zamani walifika kwa kukimbia. Tulitembea nao safari hiyo yote na kamera, hatua kwa hatua, na imo ndani ya filamu. Vichochoro vilivyobaki wazi tumevichora kwenye ramani pamoja na kamati ya wavuvi, na ombi la kuvihifadhi linaandaliwa kwa serikali ya kaunti ya Kilifi. Karatasi ya sahihi iko pale mezani karibu na mlango, nami nawasihi kila mkazi mzima aliyemo humu aisome kwanza, kisha akiridhika aiweke sahihi yake.

Mwenyekiti ameniashiria kwamba muda wa maswali umefika. Vijana wa filamu wameketi safu ya nyuma, na mimi nimezungumza kwa niaba yao kwa muda wa kutosha. Naomba kipaza sauti kiwafikie wao kwanza, na maswali juu ya mawimbi yaelekezwe kwao. Asanteni sana kwa kunisikiliza.